Kambale Gani?

Chuoni kwetu, hapa Himbi mjini Goma, wapenda mpira walikuwa wachache na wote tulijuana: zamu, yaani mlinzi, wa lango la chini na redio yake kifuani, fundi wa jenereta, CT (chef de travaux, grade iliyo chini ya profesa) mmoja wa uchumi, na mimi. Halafu, mwezi wa tisa mwaka 2019, tangazo likabandikwa ukutani. Timu moja ya mjini ilikuwa inakipa chuo kadi 12 za msimu mzima, za tribini, kwa nusu bei, "kwa ajili ya wafanyakazi". Kufikia saa sita mchana tulikuwa wapenda mpira zaidi ya mia. Profesa wa theolojia, ambaye nilimsikia kwa masikio yangu akisema mpira ni upumbavu wa watu ishirini na wawili, alipita ofisini kuuliza jambo moja tu: hiyo tribini ina paa?

Ina paa. Ndiyo maana ya fujo yote. Asiyekaa tribini hukaa purtuuri, na purtuuri ya Goma mvua ikianza humpiga mwenye udaktari na muuza karanga bila kuuliza vyeti.

Basi komite ikaundwa. Sisi tukipewa jambo dogo huliundia komite, na komite ikikwama tunaizalia komite ndogo. Mimi nilifanywa katibu kwa sifa moja: kompyuta yangu ilikuwa na betri inayodumu hata umeme ukikatika.

Kikao cha kwanza kilianza kwa sala na kikaisha kwa meza kupigwa ngumi. Maprofesa walitaka kadi zigawiwe kwa grade. "Chuo ni grade," alisema mmoja wao kwa upole wa mtu asiyeona kuna cha kubishana. Waanze maprofesa wenyewe, wafuate ma-CT, kisha maasistenti, na PATO, yaani watu wa ofisini, wa usafi na wa ulinzi, wapate zitakazobaki. Mtoto wa darasa la pili angeweza kupiga hesabu akaona hazibaki. PATO nao wakaja na miaka ya kazi, wakimtanguliza muzee wa maktaba aliyeingia kazini nchi ikiitwa bado Zaire. Mtu wa fedha akapendekeza kwamba wapewe wenye nambari ya matrikule pekee, kwa kuwa hao ndio waliopo kisheria. Hapo N.U. wakasimama. Kwa asiyejua, N.U. ni wale "wapya" ambao wanafundisha na kusahihisha mitihani miaka nenda miaka rudi, Kinshasa haijawaingiza kwenye mishahara, na upya wao hauishi hata mvi zikiota. Asistenti mmoja akasema: "Serikali haijatuona. Angalau mpira utuone." Ndiyo hotuba pekee ya siku ile iliyopigiwa makofi na pande zote.

Kuna aliyekuwa amesoma habari za Marekani. Akatueleza kwamba Chuo Kikuu cha Duke, kule North Carolina, kina ukumbi wa mpira wa kikapu unaochukua watu 9,314 tu, kwa hiyo wanafunzi wa shahada za juu wanaotaka tiketi za msimu hulala nje wikendi nzima. King'ora hulia saa yoyote, hata usiku wa manane, na asiyefika kuhakikiwa huweza kuondolewa. Watakaovumilia mpaka mwisho ndio wanaoingizwa kwenye kura, na hata hapo wengine hukosa. Tulisikiliza kwa heshima. Kisha mama wa sekretarieti akasema: "Mimi nililala nje tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ikipita mjini. Hakuna aliyenipa tiketi." Hoja ya Duke ikafa. Hata bila lava, anayependekeza watu walale nje Goma, tena usiku, ama ni mgeni ama ana bima ya maisha.

CT wa uchumi ndiye aliyekuja na fomula. Miaka ya kazi mara mbili, kuongeza idadi ya watoto, kutoa safari za nje zilizolipwa na chuo, yote yagawanywe kwa kitu ambacho sikukielewa na nashuku hata yeye hakukielewa. Tukaomba orodha kutoka ofisi ya fedha, tukaingiza majina usiku kucha, asubuhi matokeo yakatoka. Aliyeongoza kwa alama nyingi, mbali sana na wa pili, alikuwa mtu tuliyemzika mwaka uliotangulia. Kwenye orodha alikuwa bado anafanya kazi, tena kwa bidii.

Fomula ikatupwa, lakini habari ilikwisha kufika nyumbani kwa marehemu. Mjane alifika siku ya pili, kitenge kimefungwa vizuri, mkoba umekumbatiwa. Hakupiga kelele. "Shefu," aliniambia, "primu za mume wangu mnazo bado. Hii kadi nahesabu ni riba." Komite nzima ikatazama dari. Akapewa kadi, kwa nusu bei kama wote, na hakuna aliyethubutu kumdai hata hiyo nusu.

Zikabaki 11, na watu walikuwa wamechoka. Tukakubaliana kura. Profesa wa historia alitukumbusha kuwa Waathene wa kale waliteua kwa kura hata majaji wao, na sisi tukafarijika kwamba ujinga wetu una ukoo.

Kura ikapigwa uani, chini ya mti wa avoka. Kofia ilikataliwa, maana kila kofia ilikuwa na mwenyewe na kila mwenyewe alikuwa mgombea. Zamu akaenda langoni akarudi na bidoni la manjano la lita 20 lililokatwa mdomo. Sasa kumbuka mwaka wenyewe. Ebola ilikuwa imefika Goma mwezi wa saba, na kila lango la mji lilikuwa na bidoni la maji ya klorini la kunawia mikono, na kijana wa kukuelekezea kipimajoto cha paji la uso. Bidoni letu lilikuwa hilohilo. Zamu aliyamwaga maji, akalipangusa ndani kwa mkono wa koti lake, akaridhika. Vikaratasi zaidi ya mia, vilivyoandikwa kwa biki ya buluu, vikamiminwa humo, na mtoto wa mama mpishi akachaguliwa kuchota kwa sababu ndiye pekee asiye na grade.

Vinane vya kwanza vilitoka juujuu, safi. Muzee wa maktaba akapata. Profesa wa theolojia akapata, akasema ni neema. Cha tisa kilitoka chini, kimelowa, wino umegeuka rangi ya chai. Nilikiinua kwenye jua. Neno la kwanza lilisomeka, yaliyofuata yalikuwa yameliwa na klorini. Nikaita: "Kambale!"

Watu sita wakasimama.

Msomaji wa Mombasa atadhani nazungumzia samaki. Kwa Wanande mtoto wa pili wa kiume huitwa Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, na Wanande katika mji huu si haba. Kila mama wa Kinande aliyejaliwa wana wawili ana Kambale wake. Chuo chetu kilikuwa nao sita: profesa mmoja, maasistenti wawili, dereva, mtunza bustani, na fundi wa jenereta niliyemtaja mwanzoni. Nikasema kura irudiwe. Wakakataa kwa sauti moja, wao ambao hawakuwahi kukubaliana jambo lolote. "Jina limetoka," alisema dereva. "Ni letu."

Cha kumi kilikuwa cheupe kabisa. Profesa wa sheria akadai karatasi tupu ni mtu aliyejizuia kupiga kura. Majina ya kadi mbili za mwisho tuliyachota kesho yake kutoka mfuko mkavu wa unga, na hakuna la kusimulia.

Akina Kambale walifanya jambo ambalo komite haikulifikiria: likelemba. Kadi moja, watu sita, kila mtu mechi yake kwa zamu, kama akina mama wanavyozungusha fedha zao. Walikuwa na daftari. Walikuwa na faini ya kuchelewesha kadi. Kwa maoni yangu ulikuwa ndio mgawo wa haki kuliko wote tuliofanya, na ulidumu mpaka kalenda ya ligi ilipoanza kuhamahama, kama ilivyo desturi yake. Mechi kubwa, ile ambayo vijana hupanda kuta kuitazama, ilikuwa Jumapili ya Kambale dereva. Ikaahirishwa mpaka Jumatano ya Kambale wa bustani. Je, zamu inafuata tarehe au inafuata mechi? Wakampelekea profesa wa sheria. Alitoa maoni ya kurasa nne, akaomba mechi moja kuwa malipo, na tangu siku hiyo anaitwa Kambale wa saba.

Wakati huo mjane alikuwa akiikodisha kadi yake langoni, mechi baada ya mechi, bei ikipanda mawingu yakianza kukusanyika. Ndiye peke yake aliyepata faida. CT wa uchumi alimfuata kumwuliza anakadiriaje bei, akajibiwa kuwa anatazama juu.

Tarehe 18 Machi 2020 Rais Tshisekedi alitangaza kufungwa kwa shule na vyuo na kukatazwa kwa mikusanyiko kwa ajili ya korona. Ligi ikasimama, haikuendelea tena, na TP Mazembe ikapewa ubingwa mpira ukiwa umelala. Timu yetu ilisema kadi ni za msimu na msimu umekwisha, kwa hiyo hakuna wa kurudishiwa kitu. Kambale wawili walikuwa hawajafikiwa na zamu. Mmoja wao bado hunisalimu kwa kuniuliza: "Katibu, mechi yangu?"

Wewe unayesoma, ukiletewa siku moja kadi chache na watu wengi, majina yaandike kwa penseli, maana klorini haiiwezi, na uandike yote matatu.