Safu ya Ushauri: Gari la Umeme, Vitunguu vya Mama Mkwe na Mlima wa Ngorongoro

Barua zilizoifikia safu hii kutoka kwa familia zinazosafiri kati ya Arusha, Karatu na Ngorongoro kwa gari la umeme, yaani gari linalosukumwa na mota inayolishwa na betri badala ya injini ya petroli au dizeli, zina tabia moja ya pamoja: kila mwandishi analalamikia betri, na kila barua, ikisomwa mpaka chini, inamshtaki ndugu. Majibu yafuatayo yamezingatia kanuni za fizikia na kanuni za ukwe, na pale zilipogongana fizikia imepewa nafasi ya kwanza, kwa sababu yenyewe hainuni.

Barua ya kwanza ni ya baba mmoja wa Arusha, anayeeleza kuwa mama mkwe wake alinunua Karatu gunia la vitunguu vya Mang'ola lenye kilo 100, akakataa katakata kuliacha, na kwamba chaji iliyotarajiwa kuwafikisha nyumbani ilianza kutoa onyo mara tu baada ya Makuyuni. Anaomba maneno ya heshima ya kumwambia mama kwamba kosa ni la gunia.

Maneno hayo hayatatolewa, kwa kuwa gunia halina kosa. Kipimo cha kesi hii ni uniti, ileile inayonunuliwa kwa Luku, ambayo ni umeme wa kilowati moja unaotumika kwa muda wa saa moja. Kutoka Karatu, mji ulioko takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, barabara huteremka ukuta wa Bonde la Ufa hadi Mto wa Mbu, chini ya mita 1,000, kisha hupanda taratibu kuelekea Arusha penye mita 1,400 hivi. Na kulinyanyua gunia la kilo 100 kwa mita hizo 400 kunahitaji takribani sehemu moja ya kumi ya uniti. Hata msuguano wa matairi ukijumlishwa kwa safari yote ya kilomita 150 hivi, vitunguu havifikishi uniti moja. Mlalamikaji, hata hivyo, ameandika mwenyewe, katika mstari ambao pengine hakuupima, kwamba kutoka Makuyuni alikwenda kilomita 110 kwa saa ili aiwahi taarifa ya habari. Upinzani wa hewa, yaani nguvu ambayo hewa hulirudisha gari nyuma, hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo anayetoka 80 kwenda 110 hukaribia kuuongeza maradufu, na kwa gari la kawaida la familia tofauti hiyo hugharimu takribani uniti 4 katika kilomita 80 za kipande hicho. Mama mkwe ameshinda kesi, na kilo chache za vitunguu apewe kama fidia, ingawa ni vyake.

Barua ya pili imetoka kwa mke ambaye mumewe, kwa tahadhari ya kusifika, alilijaza gari chaji mpaka asilimia 100 kabla ya kuondoka Karatu, kisha akashangaa, kwenye mteremko wa Mto wa Mbu, kuona kwamba gari haliongezi chaji hata kidogo na breki zinanuka. Jambo hili lina maelezo mafupi. Gari la umeme likiteremka, mota hugeuka kuwa jenereta, hulipunguzia gari mwendo na kuurudisha umeme kwenye betri. Lakini betri iliyojaa haina pa kuupokea umeme huo, na kazi yote huangukia breki za kawaida. Anayelala mlimani aondoke na asilimia 85 au 90, auachie mteremko kazi iliyobaki, na asiitumie hoja hii kumshinda mwenzake mbele ya watoto.

Barua ya tatu inauliza iwapo gari dogo la umeme, lililoagizwa kwa ajili ya mitaa ya mjini, laweza kuipeleka familia ndani ya kreta ya Ngorongoro, kwa vile jirani amesema haiwezekani kwa kuwa ni la umeme, na mwandishi hapendi jirani awe sahihi. Jirani ni sahihi, ila sababu aliyotoa si yenyewe. Lami huishia Lodoare, lango la kuingilia Ngorongoro. Kutoka hapo ni vumbi na mawe mpaka ukingoni, penye takribani mita 2,300, na barabara za kushuka kreta, ambayo kina chake ni mita 600 hivi, huruhusu magari yenye nguvu ya magurudumu manne tu. Kizuizi basi ni magurudumu na uvungu wa gari, wala si umeme. Mwaka 2018 kampuni ya utalii ya Mount Kilimanjaro Safari Club ilianza kupeleka watalii mbugani kwa magari ya umeme, na nchini Kenya kampuni ya Opibus, ambayo baadaye ilijiita Roam, ilizing'oa injini za dizeli katika Land Cruiser na kuweka mota na betri. Gari la aina hiyo lenye uzito wa tani 3 huhitaji karibu uniti 5 kuupanda ukuta wa kreta, hesabu inayobebeka, na ukimya wake huwafaa wanaotaka kumsikia simba akihema, mradi abiria wa kiti cha nyuma nao wawe kimya, jambo ambalo hakuna kiwanda kilicholitatua.

Barua ya mwisho ni ya mjomba mmoja wa Karatu, na ndiyo nzito kuliko zote. Mpwa wake alifika na familia yake, akaamkia shikamoo huku mkono wa pili umeshika waya, na kabla ya chai akauliza, "Mjomba, soketi iko wapi?" Soketi ya kawaida ya nyumbani hutoa kilowati zisizozidi 3, kwa hiyo usiku wa saa 10 huweza kumeza uniti 30, na usiku wa pili 30 nyingine. Ikumbukwe kuwa mteja wa matumizi madogo, asiyevuka uniti 75 kwa mwezi, hulipa kwa kila uniti bei ya chini sana kuliko wateja wengine. Mgeni wa siku mbili basi hamalizi umeme wa mwenyeji tu, bali aweza kumsukuma nje ya bei hiyo. Aidha, nyaya za nyumba ya zamani hupata moto zikibeba mzigo huo usiku kucha, na waya mwembamba wa kuunganishia uliopitishwa dirishani ni hatari isiyostahili mjadala.

Uamuzi ni kwamba mpwa amtumie mjomba tarakimu 20 za Luku zenye thamani ya uniti zote alizotumia, kwa bei ya juu, tena kabla ya mwisho wa mwezi. Wasomaji wanaokusudia kuwatembelea ndugu wa Karatu likizo ijayo wanaombwa wapige simu mapema, wawajulie hali wazee kwanza, kisha waulize kama kuna nyumba ya wageni yenye umeme wa fezi tatu karibu na kwa mjomba.