Ng'onda ya Mama Mkwe na Koyote wa Chicago

Mtanzania akihamia Marekani hukabidhiwa utaalamu wa wanyamapori bila kuusomea wala kuuomba. Mimi ni mtoto wa Tanga mjini, nimekulia Ngamiani kwenye barabara za namba. Wanyama wakali niliowajua utotoni ni kunguru, paka wa sokoni, na jogoo mmoja wa barabara ya 12 aliyekuwa akitudonoa tukienda madrasa. Serengeti nimeiona kwenye televisheni, tena nikiwa nimeshafika Illinois. Lakini ukitaja Tanzania mbele ya Mmarekani, papo hapo anaona simba amejilaza chini ya mgunga, na wewe umesimama pembeni umeshika fimbo. Ndiyo maana koyote walipoanza kuonekana mtaani kwetu, kitongoji tulivu kaskazini-magharibi mwa Chicago, watu waliniletea kesi mimi.

Wa kwanza alikuwa jirani wa mkono wa kulia, mzee mstaafu mwenye kijibwa cheupe. Siku hiyo kijibwa kilikuwa kimevishwa fulana ngumu yenye miiba shingoni, na mgongoni nywele za plastiki za rangi zimesimama wima. Nguo hizo zinauzwa kweli. Zilibuniwa California kwa ajili ya mbwa wadogo, ili koyote akija kuuma aume miiba.

"Kwenu mnawafanyaje hawa?" mzee akaniuliza.

Kwetu hawapo. Hata huyo mbwa wake, kwetu angelala nje na asingekuwa na nguo. Lakini ukipewa cheo usikiangushe mbele ya aliyekupa. Nikaangalia upande wa msituni, nikakunja uso. "Inategemea," nikamjibu. Mzee akatikisa kichwa kwa heshima, akaenda zake ameridhika.

Baada ya hapo ikabidi nisome, maana cheo bila elimu ni aibu inayosubiri siku yake. Nikakuta kwamba koyote ni mnyama wa kumwonea huruma kidogo. Kwa sura ni bweha aliyeongezwa miguu: mwembamba, masikio makubwa, mkia mzito. Manyoya humkuza machoni, lakini ukimpima wengi wao hawafiki kilo 20. Zamani aliishi tambarare na majangwa ya magharibi. Wazungu walipowamaliza mbwa mwitu, nafasi ikabaki wazi, naye akaijaza, akasonga mashariki mpaka akaikuta bahari ya upande huo. Leo yuko katika majimbo 49 kati ya 50. Amebakisha Hawaii tu, na hiyo ni kwa sababu ya maji. Serikali huua makumi ya maelfu ya koyote kila mwaka, na bado anaongezeka. Sisi tunaohangaikia makaratasi ya uhamiaji tunamtazama kwa wivu.

Mwaka 2000 watafiti wakiongozwa na Stanley Gehrt wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walianza kuwafunga koyote wa hapa kwetu vifaa vya redio shingoni. Walidhani ni kazi ya mwaka mmoja. Mpaka leo hawajaimaliza, kwa sababu kila walipochungulia walimkuta koyote mahali ambapo hakutarajiwa. Walichambua hata kinyesi chake wajue anakula nini. Asilimia 42 ya vinyesi ilikuwa na panya na jamaa zake, 23 ilikuwa na matunda, 22 kulungu, 18 sungura. Paka, ambaye ndiye mtaa mzima unamlilia, alionekana katika asilimia moja na ushei. Kwa hesabu hiyo koyote anafanya kazi ya kumaliza panya bure, na badala ya mshahara anapewa matusi.

Halafu nikakuta utafiti wa mwaka 2012. Walipima vinasaba vya koyote 236 wa eneo la Chicago, wakafuatilia watoto 96 wa mizao 18, wasimpate hata mmoja aliyezaliwa nje ya ndoa. Dume na jike wakishachaguana, wamechaguana. Habari hiyo nilimsomea mke wangu tukiwa mezani.

"Umeona?" akasema.

Sikujua nilitakiwa nione nini, nikaendelea kula.

Na vituko vya koyote ni vya mtu aliyezoea mji. Mwezi Aprili 2007 koyote mmoja aliingia duka la sandwichi katikati ya Chicago, mchana, mlango ukiwa wazi, akapita wateja, akaenda kujilaza ndani ya jokofu la soda. Hakumgusa mtu, mpaka maafisa wa wanyama walipokuja kumchukua. Jirani wa mbele naye alinilalamikia kwamba koyote alimfuata yeye na mbwa wake njia nzima kando ya bwawa. Nikamweleza nilichosoma: koyote mwenye watoto akiona mbwa karibu na pango lake, humfuata nyuma mpaka ahakikishe ametoka eneo hilo. Anamsindikiza. Tangu nianze kuishi mtaa huu, huyo ndiye wa kwanza niliyemsikia akimsindikiza mgeni mpaka barabarani.

Hofu lakini haikupungua. Mji ulitugawia kipeperushi chenye maelekezo: ukikutana na koyote usikimbie na usimpe mgongo. Simama, nyoosha mikono juu, piga kelele, gonga sufuria, tikisa kopo la sarafu, na usiache mpaka aondoke. Maelekezo mazuri. Tatizo ni kwamba mtaa wetu hauna mtu anayejua kupiga kelele. Tuna chama cha wenye nyumba, na chama kina kitabu cha kanuni: urefu wa nyasi, rangi ya milango, saa ya kutoa mapipa ya taka, na kimya. Tulipomsherehekea binti yetu Salma alipozaliwa, tuliweka taarab kwa sauti ya kuongezea hamu tu, barua ya onyo ikafika kabla pilau haijaisha. Watu waliolelewa katika kimya hicho ukiwaambia wamfokee mnyama, hawana pa kuanzia. Jirani wa mbele nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia koyote aliyesimama kwenye ua wake, "Samahani, naomba uondoke." Koyote akakaa chini.

Hali ndiyo ilikuwa hiyo mama mkwe alipowasili kutoka Tanga, kuja kulea uzazi wa mtoto wetu wa pili.

Malalamiko yake yalianza tukiwa bado kwenye gari. "Baba Salma, hapa wanaishi watu?"

"Wanaishi, mama."

"Mbona kama kuna msiba? Na hata msibani watu huongea."

Usiku koyote wakalia. Koyote wawili wakiamua kulia, sauti zao hupanda, hushuka na kupasuka vipande, mpaka sikio likahesabu kumi. Mama akatoka chumbani amejitanda khanga. "Jirani wana kigodoro?"

"Hapana mama, ni koyote. Wanyama wa porini."

"Wangapi?"

"Wawili, watatu hivi."

Akasikiliza kidogo. "Afadhali hao wana uhai," akasema, akarudi kulala.

Sasa, mama hakuja mikono mitupu. Alikuja na ungo, mwiko, na ng'onda. Ng'onda ile ilisafiri imefungwa gazeti, juu ya gazeti mfuko wa plastiki, juu ya mfuko khanga kuukuu, na bado kila aliyefungua kabati la jikoni alijua kuna mgeni. Mama akaamua kwamba imepata unyevu wa ndege na inataka jua. Ilikuwa Julai. Akaipanga vipande vipande kwenye ungo, akautenga kwenye baraza ya mbao nyuma ya nyumba, akaingia ndani kusonga ugali. Upepo wa Illinois ukaichukua harufu ya soko la samaki la Deep Sea pale Tanga ukaisambaza kwenye ua wa kila mwanachama wa chama cha wenye nyumba.

Koyote wa mjini hupendelea usiku, ila mwenye watoto wa kulisha kiangazi hachagui saa. Nilimwona kupitia dirisha. Alipanda ngazi za baraza taratibu, kichwa chini. Akanusa kipande cha kwanza, akakunja pua, akarudi nyuma hatua moja kufikiri. Akarudi. Akaweka mguu mmoja ukingoni mwa ungo ili usisogee, kisha akachagua, nasema akachagua, kile kipande cha tumbo chenye mafuta ambacho mama alikuwa amenitengea mimi.

Mama alimwona wakati huohuo. Hakuuliza ni mnyama gani wala anauma au haumi. Alitoka na sufuria mkono mmoja na mwiko wenye ugali mkono wa pili, khanga ameifunga kiunoni, na kilichomtoka kinywani ni kile kila mtoto wa uswahilini anachokijua:

"Mwiziii! Mwizi jamani! Mwizi huyooo!"

Koyote akasimama, akamtazama. Kipeperushi kinasema hivyo hivyo, kwamba koyote asiyezoea kufukuzwa huenda akakukodolea macho kwanza, na ukirudi nyuma hapo umemfundisha kwamba yeye ndiye mkubwa. Mama hakuwa amesoma kipeperushi. Aliona dharau.

"Ananitolea macho! Mwizi ananitolea macho!"

Akamwendea huku anagonga sufuria, ugali unaruka, khanga ya kichwani inapepea. Koyote ana uwezo wa kukimbia zaidi ya kilomita 60 kwa saa, na siku ile aliutumia wote. Aliruka uzio wa mbao na ng'onda mdomoni, akapita ua wa jirani, na mlio wa mwisho wa sufuria ulimkuta ameshafika bwawani.

Kisha kikarudi kimya. Mama akabaki pale barazani anahema, anaangalia kulia, anaangalia kushoto. Pazia moja likatikisika. Taa ndogo ya kamera ya mlangoni ikawaka, ikazima.

"Hatoki mtu?" akaniuliza.

"Wanaangalia kwenye kamera, mama."

"Kamera itamkamata mwizi? Mtaa gani huu, baba Salma? Tanga ukiita mwizi, hujamaliza kuita wameshajaa, mpaka waliokuwa kuoga. Hapa mtu angekufa na mwiko mkononi."

Nikiwa mtaalamu aliyeteuliwa na mtaa, nakubaliana naye. Vifo vya watu vinavyojulikana kusababishwa na koyote Marekani na Kanada ni viwili tu: mtoto mdogo California mwaka 1981, na mwimbaji kijana aliyekuwa akitembea katika hifadhi ya Nova Scotia mwaka 2009. Mbwa wa nyumbani, hao wanaobusiwa mdomoni, huuma mamilioni ya watu kila mwaka. Koyote akizoea kuja mlangoni, mara nyingi ni kwa sababu mbili: amepata chakula, na hajapata wa kumkataza. Anapita asubuhi, watu wako nyuma ya pazia. Anapita jioni, wako nyuma ya pazia. Mwisho anaamini mtaa ni wake na sisi tumepanga. Uswahilini asingemaliza wiki. Si kwamba tuna ujasiri wa kupita kiasi. Asingepata tu hata dakika moja ya kupita bila mtu kumuuliza wewe nani, unatoka wapi, na hicho mdomoni ni cha nani.

Hatimaye mzee wa kijibwa akaja, kipeperushi mkononi, kutuelimisha. Akaanza kusoma kwa sauti ya upole. Kupiga kelele. Kugonga vyombo. Kujikuza. Kumsogelea bila kumpa mgongo. Nikawa namtafsiria mama, na kwa kila kifungu mama alijibu, "Nimefanya." Kikabaki kimoja: usiache chakula nje.

"Mwambie si chakula cha mbwa," mama akasema. "Ni ng'onda."

Nikamwambia. Mzee akaomba aoneshwe. Akaonja, akanyamaza muda mrefu, akauliza kama mama angeweza kumfundisha ule mlio. Jumamosi iliyofuata, wakazi wa mtaa ambao miaka yote nilikuwa nawajua kwa magari yao walisimama kwenye nyasi zao, kila mtu na sufuria yake, mama katikati. Wengine walianza kwa aibu, wakigonga kwa kidole. Mama akawapitia mmoja mmoja akiwaongezea sauti. Vigelegele viliwashinda, isipokuwa bibi mmoja wa nyumba ya kona. Alivipiga mara ya kwanza tu vikatoka vimenyooka, kisha akaanza kulia kwa furaha.

Koyote wakahamia upande wa pili wa bwawa, ambako nasikia bado wanaombwa radhi.

Mtoto alipofika arobaini tukafanya akika. Ndugu wakaja kutoka Indiana, Ohio na Wisconsin, spika ikatolewa nje, na safari hii hatukuweka taarab ya kuongezea hamu, tuliweka taarab. Saa tatu usiku gari la polisi likasimama mbele ya nyumba. Askari kijana akashuka, akasema kuna mtu amelalamikia kelele. Kabla sijafungua mdomo, mzee wa kijibwa akasimama kutoka kwenye mkeka, sahani ya pilau mkononi.

"Tunafukuza koyote, afisa. Ni maelekezo ya mji." Akatoa kipeperushi mfukoni.

Askari akakisoma chote. Mama akanivuta shati, akataka ajue kinachosemwa, nikamtafsiria.

"Mwambie karibu ale," akasema. "Halafu mwambie huyo koyote wetu ni mkaidi sana. Hatuwezi kummaliza kabla ya saa sita."