Namba ya Siri ya Mtaa Mzima

Hapa Kituntu, ukiuza kahawa asubuhi, jioni mtaa mzima unajua umelipwa ngapi na unadaiwa na nani. Si umbea, ndivyo tunavyokopeshana na kuzikana. Balaa limeanza pale tulipoihamishia tabia hiyo kwenye simu.

Juzi kijana mmoja msamaria aliokota kitambulisho cha taifa kwenye njia ya Omurushaka. Angeandika tu kwamba kimepatikana, ingetosha. Yeye akakipiga picha mbele na nyuma, akairusha kwenye kundi letu la WhatsApp la kufa na kuzikana. Mwenyewe akakipata kabla jua halijazama, ila heshima yake haijapatikana hadi leo. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mzee wetu huyu, kila rubisi ikimkolea, hutusimulia alivyomkimbiza Idi Amin mwaka 1979. Namba yake inaanza na 1974.

"Kumbe mzee ulikwenda vitani umebebwa mgongoni!" akaandika mmoja.

Tukacheka, lakini namba hiyohiyo ndiyo tunayosajilia laini kwa alama ya kidole. Nikamshauri apige *106# aone kama kuna laini asizozijua zilizosajiliwa kwa jina lake. Akanijibu kwamba kwa siku hiyo ameshajulikana vya kutosha. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ila kundi la kufa na kuzikana bado halijapata taarifa.

Shangazi yangu naye alipigiwa na sauti laini: "Mama, huku ni huduma kwa wateja. Kuna pesa yako imekwama, nitajie namba ya siri."

"Subiri mwanangu, anayeikumbuka ni kijana wa dukani."

Akatoka nje akapaza sauti. Kijana huyo, ambaye ndiye wakala wake wa pesa, akataja namba. Dereva wa bodaboda akampinga kwamba hiyo ni ya zamani, ilibadilishwa msimu wa senene. Wakiwa bado wanabishana, shangazi akamrudia mgeni wake: kwani yeye ni wa ukoo gani, ameoa, na mbona anaongea kama hajala? Tapeli akakata simu mwenyewe.

Nikamwonyesha shangazi jinsi ya kubadili namba na kuripoti matapeli kwa kutuma namba zao kwenda 15040. Sasa akitoa pesa kwa wakala hujifunika kanga, hata mimi hanionyeshi. Nikajua nimefaulu.

Mtaa nao ukapata jibu lake: mtu hafichi asichokuwa nacho. Tangu hapo uani kwa shangazi hakupungui wageni wa kukopa, na kila mmoja anaanza kwa kumwambia kwamba siri yake anaijua.