Jinsi ya Kumiliki Skrambla Bila Kuvuka Ruai

Kama unaishi Mowlem, una mshahara wa kadiri na moyo unaokuambia kila Ijumaa jioni kwamba Turkana inakungoja, mwongozo huu ni wako. Sitakufundisha kufika Turkana. Turkana ni mbali, jua ni kali, na Jumatatu una kazi. Nitakufundisha jambo la maana zaidi: kuonekana kama mtu aliyerudi kutoka huko jana usiku.

1. Nunua kimo

Usinunue Boxer. Si kwamba ni mbaya. Ubaya wake ni kwamba inafanya kazi, na kila mtu anajua ni kazi gani. Tangu serikali ilipoondoa VAT kwenye pikipiki za chini ya sisi 250 mwaka 2008, mitaa imejaa nduthi za kubeba abiria, mitungi ya gesi na makreti ya soda. Ukipita na Boxer hakuna atakayegeuza shingo. Wewe unataka skrambla: ile nyembamba, ndefu, yenye madigadi ya mbele iliyoruka mbali na tairi kana kwamba imeona nyoka.

Chukulia Honda XR150L. Kiti kiko milimita 825 kutoka chini, rimu ya mbele ni inchi 19, uzito haufiki kilo 130. Kama kimo chako ni cha kawaida utasimama kwa ncha za vidole, na hapo ndipo wengi huaibika. Siri ni hii: kabla ya kusimama, tafuta ukingo wa barabara, jiwe, au hata bampa ya mtu, uweke mguu mmoja hapo kwa dharau kidogo. Watu watadhani umepumzika.

Nguvu zake ni farasi 12 hivi, kiwandani. Likumbuke sana neno hilo la mwisho. Injini ya kabureta hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kila unapopanda mita 300, na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Basi ukipitwa na matatu kwenye ule mwinuko wa Outering baada ya mto, usione haya. Mkifika, vua helmeti, tikisa kichwa, useme, "Hewa ya huku ni nyepesi mno." Usitaje kwamba matatu nayo inavuta hewa hiyo hiyo.

Jiepushe tu na Yamaha DT kuukuu, hata ukiuziwa bei ya kutupa. Kwa wazee, pikipiki ya sampuli hiyo ni ya bwana mifugo. Utaiegesha mbele ya ploti, na mzee wa ghorofa ya kwanza atakuuliza ni ng'ombe wa nani anayehitaji sindano.

2. Iharibu kwa ustadi

Pikipiki ikitoka dukani haina hadithi. Ipeleke Kariobangi Light Industries, mahali ambapo chuma chochote kinaweza kuunganishwa na chuma kingine mradi stima haijapotea.

Anza na egzosi. Mwambie fundi atoe matumbo. Akiwa fundi wa kweli atakuuliza kama unataka pia abadilishe jeti ya kabureta, kwa kuwa moshi ukitoka kwa urahisi hewa inazidi petroli na injini inachemka. Mjibu hapana. Jeti haionekani, na pesa zako zisipotelee ndani ya kitu ambacho jirani hakioni. Utapoteza nguvu ya chini, ile hasa inayotakiwa matopeni, lakini utapata sauti, na sauti hufika mahali ambapo pikipiki yako haitafika kamwe. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zilizo chini ya sheria ya mazingira, haziungi mkono mradi huu. Wala keateka.

Kisha sproketi. Fundi akipunguza jino moja mbele, ni karibu sawa na kuongeza meno matatu nyuma. Sasa nduthi inapanda ukuta, ila kwenye barabara kuu injini inalia ikiomba gia ya sita, na gia ziko tano tu. Vizuri sana. Umepata sababu nyingine ya kutoenda mbali.

Taa za ziada, funga nne. Umeme unaozalishwa na injini ndogo namna hii ni kidogo. Ukiziwasha zote, betri inakufa. Kwa hiyo usiziwashe. Hizo ni taa za mchana. Tairi nazo ziwe za meno makubwa. Yanateleza kwenye lami iliyolowa na yanalika upesi kwenye lami kavu, nawe utaishi kwenye lami, lakini tairi inapigwa picha ikiwa imesimama.

Masanduku ya chuma ubavuni ni lazima. Yatakuzuia kupenya katikati ya matatu mbili, jambo ambalo ndilo sababu pekee ya mtu wa Nairobi mwenye akili kumiliki pikipiki. Usijali. Ukikwama kwenye foleni nyuma ya basi, watu watapata muda wa kuyatazama. Ndani weka koti la mvua na vitunguu ulivyotumwa Mutindwa.

Mwisho, vibandiko vya Dakar. Mbio hizo ziling'oa nanga Paris mwezi Desemba 1978, na mshindi wa kwanza upande wa pikipiki, Cyril Neveu, alikuwa juu ya Yamaha XT500. Kariri hilo. Kariri na hili, maana ndiyo nguzo ya mwongozo mzima: mara ya mwisho mbio hizo kufika Dakar ilikuwa 2007. Za 2008 zilifutwa, baadaye zikahamia Amerika Kusini, na tangu 2020 ziko Saudia. Bado zinaitwa Dakar, vibandiko vinauzwa, na hakuna aliyedai kurudishiwa pesa. Ikiwa mbio nzima inaweza kuishi kwa jina la mahali isipofika, wewe utashindwa na Mowlem?

3. Jikinge na abiria

Sheria ya trafiki inakutaka uvae helmeti na jaketi la kung'aa. Vaa, na hapa sifanyi mzaha. Lami ya Outering haibembelezi mtu. Taabu ni kwamba jaketi hilo ndilo sare ya boda, na mama mwenye mifuko miwili ya sokoni hajali rimu yako ni inchi ngapi.

"Kijana, Umoja One ni ngapi?"

"Mama, hii si ya kubeba watu."

"Sasa ni ya kubeba nini?"

Nimewatafutia wengi jibu la swali hilo na sijalipata. Mbebe tu. Usichukue hamsini yake, kwa kuwa leseni yako ni ya A2, na ya kubeba watu kwa malipo ni A3. Akishuka atakuombea baraka, kisha atakuambia kiti chako kinaumiza. Itikia amina kwa yote mawili.

Kwa siku zijazo, nenda Gikomba uchimbue marobota hadi upate jezi ya motokrosi, ile yenye nambari kubwa mgongoni na jina la Mjerumani asiyejulikana. Ivae juu ya jaketi ukiwa umesimama, chini ya jaketi ukiwa unaendesha.

4. Chagua matope yako

Hapa ndipo wengi hufeli. Wanapita kwenye dimbwi la mtaani, wanachafuka hadi magotini, kisha wanatembea kifua mbele. Ndugu yangu, udongo wa huku ni mweusi, ule mfinyanzi unaonata, na umetanda hivyo hadi Njiru, Ruai na Kamulu. Hakuna mtu wa Eastlands asiyeujua. Kila mmoja ameacha kiatu ndani yake. Ukirudi na matope meusi, umesema tu kwamba unaishi hapa.

Unahitaji mwekundu. Mwekundu ni wa Limuru, wa Gatundu, wa miteremko ya Aberdare. Mwekundu unasema ulilala nje. Wauza miche wa kando ya barabara wanauza udongo huo kwa gunia, na nusu gunia litakutosha mwaka mzima. Changanya na maji hadi ushike kwenye kijiko bila kudondoka. Rusha kwa brashi ya rangi kutoka chini kwenda juu, ukizidisha nyuma ya kila tairi na kupunguza kwenye tangi. Vibandiko usiviguse. Nambari ya usajili iache safi kabisa, kwani trafiki akikuta KM iliyofichika hataki kujua umetoka Aberdare au umetoka bafuni. Acha ikauke usiku kucha chini ya ngazi, na asubuhi ing'oe vipande kadhaa kwa kucha ili isionekane mpya.

Kiangazi, badilisha. Vumbi la Suswa ni majivu ya volkeno, la kijivu na laini mno. Majivu ya jiko la makaa yakichekechwa mara mbili yanalikaribia kabisa. Mwenye jicho kali atakuuliza, "Ulipitia Suswa?" Usiseme ndiyo. Sema, "Barabara zimeharibika siku hizi." Hujadanganya mtu.

5. Picha

Machimbo ya mawe ya Njiru yanatosha kwa jangwa lolote la Kenya. Lala kifudifudi, simu ikaribie kugusa ardhi, pikipiki iwe mbele na ukuta wa mawe nyuma. Hakikisha tu alama za patasi hazionekani, maana Chalbi hakuchongwi mawe ya kujengea. Alfajiri, moshi wa dampo la Dandora ukitulia chini, una ukungu wa mlimani bila gharama. Harufu haipigwi picha. Na siku isiyo na mawingu, panda juu ya paa la ploti. Kilimambogo, mita 2,145, unaonekana pale kwa mbali. Usihangaike kupandisha pikipiki ngazi tano. Weka helmeti ukingoni mwa paa, vuta mlima karibu, piga. Watu watamalizia hadithi wenyewe.

Ukibanwa kuhusu kaskazini, lalamikia lami. Kutoka Isiolo hadi Moyale ni kama kilomita 500, na zamani kuitaja tu barabara hiyo kulitosha mtu kununuliwa chai. Sasa ni lami, Probox inapita. Wewe sikitika kwa sauti ya chini: "Zamani ilikuwa safari." Serikali imekupa kisingizio cha kudumu.

6. Mvua ya Aprili

Sasa ubaya wenyewe. Hatua chache kutoka lango lako kuna barabara ya ndani. Bomba la majitaka limepasuka, mvua imekesha, na lori la mchanga limeacha mifereji miwili inayofika gotini. Hii ndiyo kazi ambayo skrambla iliundiwa. Hutapata mahali pengine utakapoihitaji zaidi ya hapa.

Simama ukingoni, toa simu, jifanye unasoma ujumbe. Atakuja kijana wa Boxer, tairi la nyuma limekuwa upara, makreti matatu ya soda nyuma, ndala miguuni. Ataweka gia ya kwanza. Atashusha miguu yote miwili, kwa sababu kiti chake kiko chini. Hatagusa breki ya mbele. Macho yake hayatatazama tairi, yatatazama kule anakotokea, kwenye kile kipande kikavu karibu na kibanda cha M-Pesa. Nduthi itayumba, itatafuta njia yake yenyewe kwenye kigongo katikati ya mifereji, naye atapita bila chupa kulia. Atakuitia, "Boss, pita tu!"

Usipite. Ukipita, anguka upande wa kushoto. Egzosi iko kulia, ina moto, na uliilipia. Zima injini, funga koki ya petroli, kisha chuchumaa mbele ya shokabu ukinung'unika kwamba springi zimelegea. Vijana wa steji watakuja kuiinua. Wape ya chai bila kubishana. Hao ndio watakaosimulia ulivyoanguka, na bei ya simulizi nzuri hupanda kila dakika unayobishana.

7. Iuze

Usingoje iishe. Mita itakuwa imesoma kilomita chache ajabu, kwa hiyo bei yako itasimama. Rudisha matumbo ya egzosi na lile jino la sproketi. Masanduku yauze kando. Wachuuzi wa mayai huyapenda. Osha matope yote, mekundu na meusi.

Atakuja mnunuzi, pengine nesi au fundi wa minara ya simu anayepelekwa kazini mahali pasipo na barabara. Hatauliza habari za Neveu. Atabonyeza shokabu, atavuta cheni kwa kidole, atauliza oili ilibadilishwa lini. Mpunguzie kidogo, kisha hamisha umiliki siku hiyo hiyo kwenye eCitizen, usiseme kesho. Huyo ataiendesha kweli, na ikinaswa Marsabit bila bima huku jina lililo kwenye logbook likiwa lako, atakayetafutwa ni wewe.