Barua ya Wazi kwa Wizara ya Kilimo: Ruzuku ya Asiyepulizia

Waheshimiwa,

Pokeeni pongezi. Agosti 2022, kwenye Nanenane ya Mbeya, mlizindua ruzuku ya mbolea, na mfuko wa DAP wa kilo 50 ukashuka hadi Sh70,000. Nani atalipinga jambo hilo? Amebaki msumbufu mmoja tu: mkulima mdogo wa kahawa kwenye milima ya Kilosa, anayelisha mibuni samadi na mboji chini ya migomba. Hanunui mbolea, hivyo ruzuku haimhusu. Akitaka kuuza Ulaya kahawa ya kilimo hai, sharti amlipe mkaguzi aje kuthibitisha kwamba hakununua. Anayetumia kemikali anachangiwa na taifa. Asiyetumia anatozwa kwa kutotumia.

Kanuni ya Ulaya ya 2018/848 inataka mazao ya kudumu yapitie miaka mitatu ya mpito. Muda huo hupunguzwa kwa mwenye ushahidi kwamba shamba halikuguswa na sumu, yaani ushahidi wa jambo lisilotokea. Tunashauri basi, kwa heshima zote, mkulima apewe kwanza bomba na dawa ya ruzuku, apulizie msimu mmoja, kisha aache mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Angalau faili lake litakuwa na karatasi.

Mtasema bila dawa, chule buni na kutu ya majani vitamaliza mibuni. Hoja nzito, ila taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, kule Lyamungu imeshatoa aina za arabika zinazostahimili magonjwa yote mawili. Kinachotakiwa ni miche ipande milima. Mtasema pia samadi haitoshi, na hapo mna haki: bila mboji ya kutosha mavuno hushuka. Lakini Kilosa haina uhaba wa ng'ombe. Samadi imejaa kwenye mazizi ya wafugaji, ila mfugaji na mkulima wamezoea kukutana kituo cha polisi kwa ugomvi wao. Kuwakutanisha kwenye rundo la samadi kungegharimu kidogo kuliko kesi moja.

Wengine watasema kahawa ya Kilosa ni kidogo mno kusumbua wizara. Sawa, tuiache kahawa, tutazame reli. Mafuriko ya mto Mkondoa ya 2009/10 yaliisomba njia kati ya Kilosa na Gulwe, na sasa treni ya umeme inapita wilaya hiyohiyo. Mibuni yenye miti ya kivuli hushika udongo wa miteremko usishukie mto na reli, na mwenye shamba hajawahi kuleta ankara ya kazi hiyo. Soko nalo si Ulaya peke yake: watalii wanalala kwenye hifadhi ya Mikumi, na alama ya Kilimohai ya Afrika Mashariki ipo tangu 2007, ikikubali hata wakulima kukaguana wenyewe.

Kwa kuwa mkakati wa kitaifa wa kilimo hai mliuzindua wenyewe mwaka 2023, tunaomba gharama ya ukaguzi wa vikundi vya wakulima iingizwe kwenye ruzuku. Fomu ikichapishwa, mkulima aruhusiwe kuandika "hakuna" penye aina ya kiuatilifu, bila kurudishiwa eti hajakamilisha maelezo.