Heshima kwa Foleni

Hakuna kiumbe jijini Dar es Salaam kinachosemwa vibaya kuliko foleni. Inatukanwa redioni tangu alfajiri, inalaaniwa vituoni, na hata aliyechelewa kwa sababu ya usingizi huisingizia hiyohiyo. Hakuna aliyewahi kuiandikia barua ya shukrani. Mimi nimeamua kuiandika. Ni bibi mwenye wajukuu mikoani, na kila likizo hunijia mmoja wao akitaka aonyeshwe jiji. Gari sina, na mwongoza watalii wa kulipwa namsikia tu. Lakini foleni ninayo, kwa bei ya nauli ya daladala.

Msifiwa huanza na nasaba yake. Foleni yetu imezaliwa na barabara kuu chache, Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa, ambazo zote hukimbilia mji uleule mdogo wenye bandari, ofisi na soko la Kariakoo. Mwaka 1983 serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi, kwa kuwa shirika la umma la usafiri lilikuwa limezidiwa na abiria. Hapo foleni ikapata ndugu yake wa kufa na kuzikana, daladala, na mpaka leo ukimwona mmoja, mwenzake hayuko mbali.

Sasa tazama elimu yake. Panda na mjukuu gari la kutoka Gongo la Mboto kwenda Posta, ushike siti ya dirishani. Konda atakwambia, "Bibi, pakata mtoto!" nawe umpakate, maana aliyepakatwa halipi. Kisha konda huyohuyo atawapigia kelele waliobanana mlangoni: "Songeni nyuma, gari tupu hili!" Mtoto atageuka kuangalia utupu huo, atakuta kwapa la mtu. "Bibi, mbona anasema gari tupu?" Usimjibu haraka, mume wangu huyo; muda upo. Somo la siasa limeanza bila daftari.

Mkifika usawa wa uwanja wa ndege, foleni itasimama kwa adabu ili mtoto aone ndege ikishuka, ijayo ikishuka, na inayofuata. Abiria wa ndege wametumia kama saa moja na nusu kutoka Mwanza. Wakitoka nje watajiunga nasi, na hapo ndipo safari yao ndefu itakapoanza.

Pale Tazara nina malalamiko, lakini si dhidi ya foleni. Zamani tulikuwa tukisimama pale mpaka mtoto aielewe reli ya Uhuru: kwamba ilijengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia tangu 1970 hadi 1975, kwamba ina urefu wa kilomita 1,860, kwamba inaishia Kapiri Mposhi, na kwamba Zambia ilitafuta njia ya kupitisha shaba yake bila kupita kwa makaburu. Mwaka 2018 likafunguliwa Daraja la Mfugale, magari yakaanza kupaa juu ya makutano. Sasa stesheni inapita dirishani kabla sijasema "Nyerere na Kaunda". Wahandisi wamefupisha safari na wameikata historia katikati. Nisiowahurumia ni walioko chini, Barabara ya Mandela, ambao taa bado zinawapa nafasi ya kusoma.

Biashara nayo haijabaki nyuma. Penye foleni huhitaji kushuka kwenda dukani, duka linakufuata dirishani: maji baridi, karanga, korosho, ubuyu, vitambaa vya jasho, chaja za simu, dawa ya panya, na ramani ya Tanzania ya kutundika ukutani. Mjukuu hujifunza kupatana bei huku gari likisogea hatua mbili, na muuzaji akikimbia na chenji yake mkononi. Hesabu za darasani hazina mbio hizo.

Na usawa! Mwenye gari la kiyoyozi na mwenye guta la mbao wanasimama mstari mmoja, wanatazamana. Foleni haiulizi cheo. Isipokuwa ving'ora vikilia: hapo trafiki hunyoosha mkono, sote tunabanwa pembeni, na msafara unapita ukiwa na haraka ya kwenda kujadili, pengine, tatizo la foleni. Mtoto huuliza aliyepita ni nani. Namwambia ni mtu ambaye hajawahi kuliona jiji hili.

Mkishapita Kamata na kuingia Mtaa wa Nkrumah, mnauona Mnara wa Saa, uliojengwa 1961 kuadhimisha Dar es Salaam kupewa hadhi ya jiji. Mpita njia mwenye haraka huutupia jicho tu. Sisi foleni hutupa nafasi ya kuhakikisha kama saa inatembea. Mbele yake, katikati ya makutano ya Samora na Maktaba, yupo Askari wa shaba, ukumbusho wa Waafrika waliotumikishwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Bunduki yake imeelekea bandarini. Amesimama hapo tangu 1927, magari yakimzunguka, na hajapiga honi hata mara moja. Huyo ndiye mfano ninaowapa wajukuu.

Wapinzani wa foleni wanajulikana. Kuna mwendokasi, mwenye njia yake peke yake tangu 2016: anakutoa Kimara mpaka Kivukoni upesi kiasi kwamba swali la mtoto hubaki bila jibu. Kuna treni ya umeme iliyoanza 2024, inayofika Morogoro kwa muda ambao mtu wa Mbagala anautumia kufika kazini. Kuna bodaboda, msaliti anayepenya katikati ya magari kama maji ya mvua, asijifunze lolote. Wote hawa huuza kitu kimoja, kufika. Foleni haiuzi kufika. Huo ndio uaminifu wake.

Lakini wema wake mkubwa uko nyumbani. Yupo mama wa Chanika anayetoka saa kumi alfajiri watoto wakiwa wamelala, na kurudi saa nne usiku wakiwa wamelala tena. Foleni imemlinda na kelele zao, maswali yao, na madaftari yanayohitaji kusainiwa. Jumapili akishinda nyumbani, mtoto humtazama kama mgeni na kumwamkia vizuri sana. Adabu ya namna hiyo hainunuliwi. Imelipiwa saa sita kila siku, kiti kwa kiti, mwaka kwa mwaka. Na sisi mabibi tumepewa kazi ya kuwalea hao waliobaki, ndiyo maana wajukuu wa jiji hili wanatujua kuliko wanavyowajua wazazi wao.

Kwa hiyo nawasihi wakubwa wanaopanga mji: msiendelee na haraka yenu ya kuongeza mabasi, kupeleka ofisi na hospitali pembezoni, wala kuwaacha watu wafanye kazi karibu na wanakolala. Mkifanya hivyo foleni itakufa, mama wa Chanika atarudi nyumbani saa kumi na mbili jioni, na watoto watamzoea. Mimi nitalazimika kuwaonyesha wajukuu jiji kwa miguu, wakiwa na baba na mama yao. Kama mko tayari kubeba dhambi hiyo, anzeni kesho asubuhi. Likizo ya Desemba haiko mbali.