Mwenyeji Aliyepanda Ndege

Hapana budi tuwashukuru wakuu wa Shirikisho la Kandanda la Afrika, kwani klabu ya AS Maniema Union ya Kindu, ilipojaaliwa kufika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa msimu wa 2024/25, pamoja na Mamelodi Sundowns, Raja Casablanca na AS FAR, iliwakaribisha wageni wake nyumbani, yaani katika Uwanja wa Mashahidi, Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kindu. Hata mwenyeji naye akawasili kwa ndege, mkoba mkononi.

Sisi wa Fizi na Baraka, tunaopakana na jimbo la Maniema kwa upande wa Kabambare, hatuna husuda. Kanuni ni kanuni: uwanja ukaguliwe, taa ziwake, viti vihesabiwe, na asiyetimiza masharti ahamie kwa aliyetimiza. Ila twauliza kwa adabu: muuza ndagala wa Baraka aishangiliaye timu ya jirani yake, ambaye njia ya Uvira peke yake humtoa jasho masika yafikapo, atafikaje Kinshasa? Maji ya Ziwa Tanganyika hufika, kupitia mito ya Lukuga na Lualaba, nayo hayadaiwi nauli. Laiti mashabiki nao wangejaaliwa kutiririka!

Basi twatoa shauri: ikiwa fedha ya majukwaa Kindu ni adimu, ilhali ya tiketi za ndege haikosekani, na wahamishwe mashabiki pia kwa gharama ya serikali, tena wenye kutoa maamuzi wakae viti vya nyuma.